Tathmini ya kichupa cha eCG: unacholipia ni sukari

Kichupa cha eCG, homoni ya uzazi inayotoka kwenye damu ya farasi jike mjamzito na ambayo kwenye lebo za zamani bado huandikwa PMSG, kina kipande cha unga mweupe uliokaushwa kwa baridi, pembeni yake kichupa kingine cha maji ya kuyeyushia. Wahamilishaji wa Rungwe, Njombe na Mufindi hukitumia kwa ng'ombe waliogoma kuingia joto baada ya kuzaa. Wafuga nguruwe wa Mbozi na Mbeya hukitumia, mara nyingi kikiwa kimechanganywa na hCG (homoni ya mimba ya binadamu), kwa majike yaliyoachishwa kunyonyesha. Tathmini hii inajibu maswali matatu: kinafaa kwa mnyama gani, kinaharibikaje kabla ya kufika zizini, na kwa nini sindano yake moja hufanya kazi ya sindano nane za FSH, homoni inayokuza vifuko vya mayai.

Tuanze na hukumu. Kwa ng'ombe anayenyonyesha, aliyekonda kiasi na ambaye ovari zake zimelala, eCG ya yuniti 400 siku ya kutoa kifaa cha projesteroni, homoni inayoshikilia mimba, ni matumizi mazuri ya fedha. Kwa mtamba mnene anayeingia joto kila baada ya siku 21, ni fedha iliyomwagwa. Kwa anayetaka kuvuna viinitete vingi, si dawa yake. Ukikinunua bila kujua sukari iliyomo, utakitunza kama unavyotunza dawa ya minyoo, nacho hakivumilii hivyo.

Sukari gani hiyo?

Tusifikirie sukari ya chai. FSH, LH (homoni inayokomaza kifuko na kutoa yai), hCG na eCG ni protini za vipande viwili, alfa na beta, vilivyoshikana bila kufungwa kwa kifungo cha kudumu. Alfa ni ileile kwa homoni zote za mnyama mmoja. Beta ndiyo inayotofautisha FSH na LH. Juu ya vipande hivyo imeota mirija mifupi yenye matawi, iliyojengwa kwa sukari za aina mbalimbali: manosi, galaktosi, na sukari zenye naitrojeni. Kwenye ncha za matawi hukaa asidi ya sialiki, ambayo ina chaji hasi. Kwenye eCG, karibu asilimia 45 ya uzito wote ni minyororo hiyo, na asidi ya sialiki peke yake ni kama asilimia 10. Hakuna homoni nyingine ya familia hii iliyobeba sukari nyingi kiasi hicho. hCG ya binadamu, ambayo nayo ina sukari nyingi, hufikia kama asilimia 30.

Kazi ya kwanza ya sukari hiyo ni kuchelewesha kuondolewa kwa homoni mwilini. Ini lina kipokezi kinachotambua galaktosi iliyoachwa wazi, yaani tawi lililopoteza asidi yake ya sialiki. Protini yenye tawi kama hilo hunaswa na kumezwa na seli za ini kwa dakika chache. Asidi ya sialiki ikiwepo, galaktosi imefunikwa na ini halina pa kushika. Figo nazo huipitisha kwa shida, kwa kuwa molekuli ni kubwa na ina chaji hasi nyingi. Kwa sababu hiyo, ndani ya ng'ombe nusu ya eCG huchukua karibu saa 40 kuondoka, na mabaki yake huweza kuonekana kwenye damu hadi siku 10. FSH ya nguruwe, yenye sukari chache zaidi, hupungua nusu kwa kama saa 5.

LH ya ng'ombe mwenyewe inafundisha zaidi. Matawi yake mengi hayaishii kwenye asidi ya sialiki bali kwenye sukari yenye salfeti, na ini lina kipokezi kingine maalumu cha kuishika sukari hiyo. LH husafishwa upesi, nusu yake kwa muda wa kama nusu saa, nayo maumbile yameitaka hivyo. LH hutolewa kwa mapigo, na pigo haliwezi kuwa pigo kama lile la kabla yake bado limejaa kwenye damu. Kwa hiyo sukari ndiyo inayoamua kama homoni itabisha hodi na kuondoka, au itakaa barazani mpaka kesho kutwa.

Kazi ya pili inawashangaza wengi. Ukiivua hCG sukari zake kwenye maabara, bado inakwenda kwenye kipokezi chake kwenye seli ya ovari na kukishika vizuri. Lakini ujumbe wa ndani ya seli, ule wa cAMP, unadhoofika sana. Homoni imefika kama mjumbe aliyeketi kwenye kiti cha mgeni, hasemi alichotumwa, na aliyekuja na ujumbe kamili hapati pa kukaa. Kwenye alfa ya binadamu, mnyororo wenye uzito mkubwa katika hili ni ule ulioota kwenye asparajini (moja ya asidi za amino zinazojenga protini) ya nafasi ya 52. Kwa ng'ombe na farasi, ambao alfa yao ni ndefu kidogo, nafasi hiyo ni ya 56. Homoni iliyovuliwa sukari si dhaifu tu. Inaweza kuizuia nzima kufanya kazi.

Na si kila sukari zaidi ni nguvu zaidi. Beta ya FSH ya binadamu ina nafasi mbili za minyororo, ya 7 na ya 24. Ipo FSH iliyojaza zote mbili na ipo iliyopungukiwa mmoja. Iliyopungukiwa hushika kipokezi kwa wepesi na kuamsha seli kwa nguvu zaidi, nayo hupungua kwa wanawake kadiri umri unavyosogea kuelekea kukoma hedhi. Kwa hiyo mwili hautumi FSH moja. Hutuma mchanganyiko, na uwiano wa mchanganyiko nao ni sehemu ya ujumbe. Viwanda vya dawa za binadamu vimejifunza hapo. Corifollitropin alfa, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2010, ni FSH iliyounganishwa mkia wa hCG wenye minyororo minne ya sukari, na sindano moja yake hushika nafasi ya sindano za kila siku kwa wiki nzima. Ni mantiki ileile ya kichupa cha eCG.

Turudi kwenye kichupa.

Yuniti, miligramu na hesabu ya bei

Kichupa cha eCG huuzwa kwa yuniti za kimataifa, IU. Yuniti hizo hazitokani na kupima uzito. Hutokana na kulinganisha dawa na sampuli ya kimataifa kwa kuangalia ovari za panya wachanga zinavyokua baada ya kuchomwa. Maana yake ni kwamba IU inapima protini na sukari kwa pamoja, kwa sababu eCG iliyopoteza asidi ya sialiki isingefika kwenye ovari ya panya ikiwa hai. Kipimo cha kingamwili cha maabara kinaweza kuiona homoni hiyo kana kwamba ipo yote. Muuzaji akikwambia dawa yake "imepimwa na ipo", muulize imepimwa kwa njia gani. Hilo ni swali la haki kabisa.

Vichupa vya yuniti 1,000 na vya 5,000 ndivyo vinavyopatikana zaidi. Usilinganishe bei ya kichupa kwa kichupa. Gawanya bei kwa yuniti, kisha zidisha kwa 400, ndipo upate gharama ya ng'ombe mmoja. Kichupa cha 5,000 kikiyeyushwa kwa mililita 25 hutoa yuniti 200 kwa kila mililita. Kila ng'ombe hupata mililita 2, na kichupa kinatosha ng'ombe 12, inabaki nusu dozi ambayo kwa kweli huishia kwenye shingo za sindano na mabomba. Kichupa cha 1,000 kwa mililita 5 ni ng'ombe wawili na mililita moja ya ziada isiyotosha ng'ombe wa tatu. Kichupa kikubwa kina bei nzuri kwa yuniti, ila kinadai kikundi. Kama wafugaji wa kijiji kimoja hawawezi kukusanya ng'ombe 10 hadi 12 siku moja, chukua vidogo. Kichupa kikubwa kilichofunguliwa kwa ng'ombe wanne na kurudishwa kwenye friji "mpaka wiki ijayo" ndiyo hasara tunayoiona zaidi kwenye bidhaa hii.

Kinavyotumika kwa ng'ombe

Ratiba inayotoa matokeo ya kutegemeka ni hii. Siku ya 0 weka kifaa cha projesteroni ukeni na uchome miligramu 2 za estradioli benzoati (aina ya estrojeni). Siku ya 8 toa kifaa, choma prostaglandini, ile inayovunja mwili njano (uvimbe unaobaki kwenye ovari yai likitoka, nao hutoa projesteroni), na yuniti 400 za eCG, zote kwenye msuli lakini kwa mabomba tofauti na sehemu tofauti. Kwa mitamba, yuniti 300 zinatosha. Siku ya 9, yaani saa 24 baadaye, choma miligramu 1 ya estradioli benzoati. Hamilisha saa 52 hadi 56 tangu kifaa kilipotoka, bila kusubiri dalili za joto.

Hapa wahamilishaji wa Tukuyu na maeneo ya mteremko wa Ziwa Nyasa wafanye hesabu ya mvua. Ukitoa kifaa saa 2 asubuhi, dirisha la kuhamilisha ni saa 6 mchana hadi saa 10 jioni ya siku ya 10, wakati ambao msimu wa mvua barabara za vijijini zimegeuka utelezi na mtungi wa nitrojeni wenye mbegu unabebwa begani. Toa kifaa saa 12 asubuhi, na dirisha linakuwa saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Saa mbili tu, lakini ndizo zinazoamua kama ng'ombe wa mwisho kwenye orodha atafikiwa.

Je, eCG inaongeza nini kwenye ratiba ambayo ingeweza kwenda bila yake? Katika siku zile mbili baada ya kifaa kutoka, kifuko cha yai kinahitaji FSH ili kikue na LH ili kikomae. Ng'ombe aliyeshiba hutoa LH yake ya kutosha kwa mapigo ya karibu karibu. Ng'ombe anayenyonyesha, aliye na hali ya mwili chini ya 2.75 kwenye kipimo cha 1 (aliyekonda sana) hadi 5, ana mapigo machache, kifuko kinadumaa, na hata yai likitoka, mwili njano unaobaki ni mdogo na projesteroni yake haitoshi kushikilia mimba changa. eCG hujaza pengo hilo kwa sababu ndani ya ng'ombe inafanya kazi za FSH na LH zote mbili. (Jambo la ajabu: ndani ya farasi mwenyewe ambaye inatoka kwake, hufanya kazi ya LH pekee. Vipokezi vya spishi nyingine ndivyo vinavyoisoma kwa sauti mbili.) Na kwa kuwa sukari zake zinaifanya ikae, sindano moja inatosha kuvuka siku zote hizo.

Ndiyo maana pia haimsaidii aliyeshiba. Ng'ombe wa Kitulo au wa shamba lolote lenye malisho mazuri, anayeingia joto vizuri, tayari ana LH yake. Kumwongezea eCG ni kumwongezea uwezekano wa vifuko viwili kukomaa pamoja. Pacha wa ng'ombe si baraka kama wanavyodhaniwa: kuzaa kunakuwa kugumu, kondo la nyuma hubaki, na ndama jike aliyezaliwa pacha na dume huwa tasa zaidi ya mara tisa kati ya kumi. Mfugaji anayemkuza mtamba huyo kwa miaka miwili akisubiri maziwa anapata hasara kubwa kuliko bei ya chupa kumi. Kwa hiyo usipandishe dozi hadi 600 au 800 kwa sababu "ng'ombe ni mkubwa".

Kitu kingine kisichoweza kurekebishwa na eCG: ng'ombe mwenye hali ya mwili chini ya 2. Huyo anahitaji pumba, mashudu, majani na minyoo itolewe, kisha miezi miwili ya subira. Homoni haiwezi kukuza kifuko kwa mwili usio na cha kukuzia.

Kwa nguruwe

Mchanganyiko wa PG 600 una yuniti 400 za eCG na 200 za hCG katika dozi moja ya mililita 5, hivyo hakuna hesabu ya kugawanya. Choma nyuma ya sikio, kwenye msuli, ndani ya siku mbili tangu kuachisha watoto. Joto hutarajiwa siku 3 hadi 7 baadaye. Kwa majike machanga, subiri wafikishe angalau miezi mitano na nusu na uzito unaokaribia kilo 85 au zaidi. Ukimchoma ambaye tayari anaingia joto lakini hukumwona, utamvurugia mzunguko. Tumia sindano yenye urefu wa kupita mafuta: dozi iliyoishia kwenye mafuta hunyonywa polepole na kwa kusuasua. Na badilisha sindano kwa kila nguruwe. Homa ya nguruwe ya Afrika imekwisha kupiga Mbeya zaidi ya mara moja, na damu iliyobaki kwenye sindano ni njia yake ya kusafiria. Bei ya sindano ishirini haifiki hata bei ya mguu mmoja wa nguruwe.

Kwa bidhaa hii tunaipa alama za juu, kwa masharti kwamba jike analishwa vya kutosha na ana dume wa kumwamsha karibu. Sindano bila dume wala chakula hutoa joto ambalo jike hasimami kupandwa.

Inavyoharibika njiani

Unga mkavu ni mvumilivu kiasi. Dawa iliyoyeyushwa si mvumilivu hata kidogo. Lebo nyingi hutaka nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, nyingine huruhusu hadi 25 kabla ya kuyeyusha. Soma ya kwako, kwa sababu zinatofautiana. Safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na basi hupita joto la Mikumi na Ruaha Mbuyuni kabla ya kupanda Kitonga na kukutana na ubaridi wa Iringa. Buti ya basi saa 8 mchana ni tanuri. Agiza ikae kwenye boksi la baridi ndani ya gari na si kwenye buti, ipokelewe na mtu anayeijua, na isikae kaunta ya ofisi ya mabasi usiku kucha.

Kosa la upande wa pili ni kugandisha. Kichupa cha maji ya kuyeyushia kikigusana na donge la barafu huganda na mara nyingine kupasuka. Dawa iliyokwisha yeyushwa ikiganda na kuyeyuka, protini zake hushikana na vipande vya alfa na beta huweza kuachana. Na alfa peke yake haina kazi, beta peke yake haina kazi. Funga vichupa kwa kitambaa kikavu au gazeti kabla ya kuviweka na barafu. Wa Makete na Njombe wakumbuke Juni na Julai: chumba kisicho na moto usiku kinaweza kuwa baridi kuliko friji, na friji yenye kidhibiti kibovu hugandisha rafu ya juu. Kipimajoto cha elfu chache ndani ya friji kinaokoa vichupa vingi.

Namna ya kuyeyusha: futa kizibo cha mpira kwa spiriti, acha kikauke, vuta maji ya kuyeyushia na uyasukume taratibu yateremke ukutani mwa kichupa. Zungusha kwa upole mpaka pawe angavu. Usikitikise kama unavyotikisa chanjo yenye mashapo. Povu ni protini inayokunjuka na kuharibika pale hewa inapokutana na maji. Unga mzuri huyeyuka kwa muda mfupi na kuacha maji meupe angavu. Ukiona nyuzi, vipande au ukungu, usichome. Usitumie maji ya chumvi uliyofungua jana kwa ajili ya dripu, wala maji yaliyochemshwa nyumbani.

Tumia siku hiyohiyo, ndani ya muda ulioandikwa kwenye lebo. Sababu si joto pekee. Sindano iliyotoka kwa mnyama na kurudi kwenye kichupa huingiza bakteria, na baadhi ya bakteria wana kimeng'enya cha kukata asidi ya sialiki. Trueperella pyogenes, anayepatikana sana kwenye uterasi chafu za ng'ombe waliozaa, ni mmoja wao. Yale maji yanaweza kubaki angavu, bila harufu wala rangi, huku homoni ikivuliwa kinga yake ncha moja baada ya nyingine. Ukiichoma, ini linaisafisha kabla ovari haijasikia. Mhamilishaji anaandika kwenye daftari "ng'ombe hakuitikia", na lawama humwendea ng'ombe. Kwa hiyo: sindano moja ibaki imechomekwa kwenye kizibo kwa ajili ya kuvutia dawa tu, na nyingine ya kuchomea, mpya kwa kila mnyama.

Majirani zake kwenye rafu

FSH ya nguruwe, kama Folltropin, ndiyo ya kuchagua kwa uhawilishaji wa viinitete. Miligramu 400 kwa mililita 20, zikigawanywa mara nane kwa siku nne, asubuhi na jioni: mililita 4, 4, 3, 3, 2, 2, 1, 1. Ni kazi inayochosha, na ng'ombe aliyezoea kuchomwa mara mbili kwa siku huanza kumkimbia mtu kwenye banda. Lakini ufupi wa maisha yake ndio faida yake: ukiacha kuchoma, inaisha, vifuko vinatoa mayai na mambo yanatulia. eCG ya yuniti 2,500 huleta vifuko vingi kwa sindano moja, kisha inabaki kwenye damu baada ya mayai kutoka, inaanzisha vifuko vipya, estrojeni inapanda wakati usiotakiwa, na viinitete vinavyovunwa siku ya 7 huwa na ubora wa chini. Urefu uleule wa maisha tunaousifu kwenye ratiba ya kuhamilisha ndio unaoiangusha hapa. Wapo wanaoyeyusha FSH kwenye hayaluronani na kuchoma mara mbili tu, kwa kupishanisha saa 48. Hayaluronani nayo ni mnyororo mrefu wa sukari, safari hii sukari haikuota kwenye homoni bali imeizunguka na kuiachilia polepole.

hCG, kama Chorulon, hufanya kazi ya LH kwa muda mrefu. Kwa ng'ombe mwenye uvimbe wa maji kwenye ovari, yuniti 3,000 ni dozi inayokubalika. Ni nzuri, lakini kwa kazi ya kutoa yai pekee GnRH, homoni ya ubongo inayoamsha LH, huwa na bei nafuu na haileti kingamwili kirahisi.

GnRH yenyewe ni mnyororo wa asidi za amino 10 tu, haina sukari hata moja, na mwilini huisha kwa dakika. Haiongei na ovari. Inaiambia pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, itoe LH yake, ikiwa na sukari zake halisi. Hapo ndipo mpaka wake ulipo: GnRH hutumia akiba ya ng'ombe mwenyewe, eCG huleta ya nje. Ng'ombe mwenye mzunguko wake anatosheka na ratiba ya GnRH siku ya 0, prostaglandini siku ya 7, GnRH tena saa 56 baadaye na kuhamilishwa kama saa 16 baada ya hapo. Aliyelala anahitaji kifaa na eCG.

Prostaglandini haiko kwenye familia hii, ila ipo kwenye boksi lilelile, hivyo neno moja: hupenya ngozi. Mama mjamzito na mwenye pumu wasiishike kabisa, na wengine wavae glavu.

Asili yake na kurudia kuitumia

eCG hutoka kwenye damu ya farasi jike mjamzito. Seli maalumu kwenye uterasi huitoa kuanzia kama siku ya 40 hadi ya 120 ya mimba, na Cole na Hart ndio walioitambua mwaka 1930. Damu hiyo imekuwa ikikusanywa katika nchi kama Uruguay, Argentina na Iceland, na namna farasi wanavyotendewa imezua malalamiko yenye msingi. Tunaona ni haki mnunuzi ajue hilo. Ipo sasa eCG inayotengenezwa na seli za maabara bila damu, na wazalishaji wake hulazimika kuchagua seli zinazojua kuotesha sukari zenye asidi ya sialiki. Bakteria wa kawaida hawawezi, protini yao hutoka uchi.

Kwa kuwa ni protini ngeni, mwili wa mnyama hutengeneza kingamwili dhidi yake. Mbuzi ndio wanaoonyesha hili waziwazi: waliochomwa msimu baada ya msimu, baadhi yao huchelewa kuingia joto, na uhamilishaji wa saa maalumu, saa 43 hadi 45 baada ya kutoa sponji ya homoni iliyowekwa ukeni, huwakuta bado hawajawa tayari. Mbuzi wa maziwa achomwe si zaidi ya mara moja kwa mwaka, na aliyeshindwa mara mbili mfululizo apelekwe kwa beberu. Kwa ng'ombe tatizo ni dogo kwa dozi ya 400, lakini usimrudie ng'ombe yuleyule kila siku 21. Asiposhika mara ya pili, acha sindano, mpime uterasi, angalia mbegu na joto la maji ya kuyeyushia mrija wa mbegu: nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 40, na kwenye baridi ya Kitulo bunduki ya kuhamilishia ipashwe kwanza kwa kuisugua na kuifunika ndani ya koti, la sivyo mbegu hupigwa na baridi kabla ya kuingia.

Unaponunua, angalia usajili wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania), namba ya toleo kwenye boksi ilingane na ya kichupa, na kipande cha unga kiwe kizima na kikavu chini ya kichupa. Kilichosinyaa, kilichonata ukutani au chenye rangi ya njano kimekwisha kuona unyevu au joto. Kirudishe hapohapo dukani, kabla hujavuka mlango.